Tumelipa Kuogopa

Usiku mmoja wa Juni, nyumbani kwa mjomba wangu Kihesa, mjini Iringa, tuliitazama filamu moja mara mbili. Mara ya kwanza tuliitazama kama alivyoiacha mtengenezaji wake. Mara ya pili ilikuwa na vivuli vitatu chini ya kioo, kivuli cha mtu na vya roboti wawili, wakiisema tangu inaanza hadi inakwisha. Filamu yenyewe ni Manos: The Hands of Fate, picha la kutisha lililotengenezwa El Paso, Texas, mwaka 1966 kwa dola zipatazo 19,000. Wale wa vivuli ni wa kipindi cha Mystery Science Theater 3000, alichokianzisha Joel Hodgson mwaka 1988 kwenye kituo kidogo cha televisheni huko Minneapolis. Januari 1993 ndipo walipoifikia Manos, na tangu siku hiyo filamu iliyokuwa imesahauliwa kabisa ikawa na jina.

Tulikuwa wanne sebuleni, chai ya tangawizi mezani na mablanketi mapajani, maana Juni ya Iringa haina mzaha. Mjomba, miaka ya tisini, alikuwa na kibanda umiza Ipogolo, pale malori yanapolala. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akishika maiki na kutafsiri. Binti yake, binamu yangu, anahariri video za harusi na matangazo. Wa tatu ni Mwalimu, jirani mstaafu aliyefundisha fasihi miaka mingi. Mwalimu ni Mngoni wa Songea na Mjomba ni Mhehe, watani wa jadi, kwa hiyo kabla chai haijamiminwa walikuwa wamekwisha kurushiana maneno ya kutosha. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunifumbua macho baadaye.

Swali lilizuka lenyewe filamu ilipokwisha mara ya pili: mtu akikaa juu ya kazi ya maskini akaicheka mbele ya watu, anaitunza au anaizika? Niliandika yaliyosemwa, nikaacha marudio.

MWALIMU: Ngoja nianze, maana mimi ndiye niliyekereka. Huyu Harold Warren, mwenye filamu, alikuwa muuza mbolea. Hakusomea filamu, hakuwa na studio, hakuwa na mtu Hollywood wa kumshika mkono. Alibishana na mwandishi wa filamu, Stirling Silliphant, akisema kutengeneza picha la kutisha si kazi ya ajabu, hata yeye angeweza. Akaenda akafanya. Aliandika, akaongoza, akaigiza mwenyewe kama baba wa familia. Akakusanya waigizaji wa jukwaani wa mjini kwao, watu wenye kazi zao za mchana, wakakesha wakirekodi. Walichoahidiwa ni mgao wa faida, na faida haikuja. Inasimuliwa kwamba waliopata chochote ni mtoto mmoja aliyepewa baiskeli na mbwa aliyepewa mfuko wa chakula. Mimi nimefundisha watoto wa shule za kata kuigiza, bila mapazia, bila mavazi. Nalijua jasho la anayejaribu jambo ambalo hakufundishwa. Sasa anakuja mtu, amekaa kwenye kiti, mshahara wake unaingia, anamkata mwenzake kila anapofungua mdomo. Huko ni kumcheka mwenye kiraka.

MJOMBA: Mngoni leo kapata huruma! Nimeishi hadi nimeona. Sikiliza, Mwalimu. Hao roboti uliwatazama vizuri? Mmoja kichwa chake ni ile mashine ya kioo ya kuuzia peremende. Mwenzake mdomo wake ni pini ya boling iliyopasuliwa katikati. Hodgson aliwaunganisha kwa mikono yake kwa vitu alivyookota. Kituo chao kilikuwa cha pale pale mtaani, kinatafuta cha kujazia muda. Hapo viraka vinacheka viraka. Tena waliocheka kwanza si hao. Onesho la kwanza lilifanyika tarehe 15 Novemba 1966, ukumbi wa Capri, El Paso kwenyewe. Walikodi taa kubwa ya kumulika angani. Walikodi gari moja la kifahari, likawa linashusha kundi la waigizaji mlangoni, linazunguka kwenda kuchukua kundi jingine, ili watu wadhani magari ni mengi. Picha ikaanza, na ukumbi ukaanza kucheka. Majirani zao hao! Waigizaji wakatoka kimya kimya kabla haijakwisha.

MWALIMU: Na hilo ndilo linaloniuma.

MJOMBA: Naelewa. Lakini Warren mwenyewe, inasimuliwa, alikuja kukiri kwamba huenda ametengeneza filamu mbaya kuliko zote, na kwamba ikiingizwa sauti upya ingeweza kufaa kuwa kichekesho. Kasema mwenye mali.

MWALIMU: Mtu kujisema mwenyewe ni jambo moja. Mimi naweza kusema mwanangu ni mvivu. Wewe ukisema, tutaonana wabaya. Na Warren alifariki mwaka 1985. Hakuwepo kuulizwa.

BINTI: Baba, Mwalimu, nyote mnazungumzia watu. Mimi nilikuwa naitazama kamera. Raundi ya kwanza, dakika kumi tu zimepita, nikahisi kitu kinanisumbua na sikijui ni nini. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu, naenda hivyo mpaka picha ikatwe. Nikarudia kipande kinachofuata. Hakuna kilichofika hata sekunde 33. Ile kamera ya milimita 16 waliyokodi ilikuwa ya kutia ufunguo kama saa ya mezani ya zamani. Ikifika sekunde 32, inazima. Kwa hiyo kila mwigizaji anasema haraka kidogo, au anasimama kimya akisubiri, maana hajui atakatwa saa ngapi. Huo uzito tunaouona si uzembe wa waigizaji peke yake. Ni ufunguo unaokwisha.

MIMI: Na sauti?

BINTI: Sauti haikurekodiwa kabisa. Iliingizwa baadaye, watu wachache mno wakagawana midomo ya wote. Ndiyo maana mke, mtoto na yule msichana wa garini wanaelekea kufanana sauti. Sasa chukueni ile sehemu ya polisi wawili. Wanasikia risasi usiku, wanashuka, wanamulika, wanapiga hatua chache, wanageuka, wanarudi garini. Hapa sebuleni tulicheka wote, na vivuli navyo vilicheka. Lakini sababu yake ni kwamba taa za kurekodia hazikufika mbali. Wangeendelea mbele wangeingia gizani na kamera isingeona kitu. Wale nondo wanaojaa mbele ya lenzi, ni hizo hizo taa zinawaita. Yule msichana anayebusiana na mwenzake ndani ya gari filamu nzima bila kisa chochote, ni mwigizaji aliyevunjika mguu mwanzoni mwa kurekodi. Wakamtafutia nafasi ya kukaa. Kila tunapocheka, ujue hapo ndipo hela ilipoishia.

Sentensi hiyo ilitunyamazisha. Mwalimu aliiomba irudiwe, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata hoja bila kuitafuta. Nami niliona kwamba binamu yangu amesema jambo ambalo wachambuzi wengi wa filamu hizi hawalifikii. Wanaorodhesha makosa kama karani anavyohesabu magunia. Hawaulizi kosa limezaliwa na nini. Anayejua habari ya ufunguo anacheka vilevile, lakini kicheko chake kina mizizi.

MJOMBA: Sasa niwaambieni ya kibanda. Nilikuwa na picha moja la Kichina, la wafu wanaorukaruka miguu ikiwa imebana pamoja, karatasi ya njano imebandikwa usoni. Nilikuwa kijana, maiki mpya, nikataka kuonekana. Tangu mfu wa kwanza anachomoza nikaanza: huyu konda kakosa basi, huyu kabanwa tumbo, huyu anakwenda kudai mshahara. Watu wakacheka. Dakika kumi wakacheka. Kisha akasimama tanboi mmoja, kijana mwembamba, ndala mguuni, akaniambia kwa adabu kabisa: "Kaka, sisi tumelipa kuogopa." Akakaa. Nikatazama benchi, nikaona vichwa vinakubali. Shilingi hamsini yake aliitoa ili atishwe, na mimi nimemnyang'anya kitu chake mlangoni.

MWALIMU: Ukafanyaje?

MJOMBA: Nikazima maiki. Ikabaki sauti ya jenereta nje na muziki wa picha. Jeneza likafunguka taratibu. Nakwambia, yule tanboi aliinua miguu yake yote miwili juu ya benchi, ndala zikabaki chini. Watu wazima, madereva wa malori, wameshikana mikono. Nikawaacha waogope hadi mwisho wa hofu yenyewe. Yule mfu akaruka, akajigonga kichwa kwenye kizingiti. Hapo nikawasha maiki nikasema neno moja tu, "Pole." Kibanda kilitaka kuanguka. Tangu siku hiyo nikaijua zamu yangu. Picha ina zamu yake ya kutisha. Ikishindwa yenyewe, ndipo mtafsiri anaingia. Hata Lufufu wa Dar, aliyekuwa mkubwa wetu sote katika kazi hii, hakukaa juu ya picha. Alikuwa ndani yake, anakupa kisa, anakupa majina, kichekesho kinakuja njiani.

MIMI: Basi tuhukumu kwa kipimo chako. Manos inatisha mahali?

MJOMBA: Mimi sikutishika.

BINTI: Mimi nilitishika.

Nitarudi kwenye jibu hilo. Kwanza niseme kidogo desturi hii ilikotoka, kwa sababu Mwalimu aliuliza nani aliyewapa Wamarekani wazo la kukaa mbele ya picha la kutisha na kulisema. Jibu ni njaa ya televisheni. Vituo vilikuwa na saa za usiku za kujaza na havikuwa na vipindi. Filamu kuukuu zilipatikana kwa bei ndogo. Mwaka 1954, Los Angeles, Maila Nurmi alijitokeza kwa jina la Vampira: gauni jeusi lililombana kiuno, kucha ndefu, akitokea kwenye ukungu kuyatambulisha mapicha hayo na kuyatania. Mwaka 1957 filamu 52 za kutisha za studio ya Universal ziliuzwa kwa pamoja kwa vituo vya televisheni, na miji mingi ikaota mtangazaji wake wa usiku wa manane. Huko Philadelphia, John Zacherle alifika hatua ya kujipachika ndani ya filamu yenyewe, sura yake ikachomoza katikati ya kisa. Roboti wa Hodgson ni wajukuu wa ukoo huo.

Vampira ana funzo lake jingine. Kipindi chake hakikudumu, na miaka michache baadaye akaigiza bila kusema neno katika Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood. Bela Lugosi, nyota wa filamu hiyo, alifariki Agosti 1956 akiwa ameacha vipande vichache tu vilivyorekodiwa. Nafasi yake ikazibwa na mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimtibu mke wa Wood, mtu asiyefanana naye, akitembea na joho limefunika uso. Mwanamke aliyezoea kuyatania mapicha ya watu akawa ndani ya picha linalotaniwa kuliko yote. Mwaka 1980 ndugu wawili Medved waliitangaza katika kitabu chao kuwa filamu mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Ed Wood alikuwa amefariki Desemba 1978.

MWALIMU: Hilo la Medved ndilo ninalolipinga hasa. Kumpa maiti tuzo ya ubaya!

MIMI: Hapo tuko pamoja. Lakini nauliza kama ni jambo moja na hili la vivuli. Anayetoa tuzo ya ubaya anakaa nje. Anaandika mstari mmoja, anapita. Wale watatu wanakaa ndani. Wanaitazama filamu dakika kwa dakika, na kabla ya kurekodi walikwisha kuitazama mara nyingi, wakiandika maneno yao kwa kufuata mwendo wake. Katika kipindi cha Manos hata wale wahusika waovu wanaowapelekea filamu waliomba radhi kwa kuwatumia hii. Na bado waliitazama hadi mwisho.

MWALIMU: Kukaa si heshima. Hata polisi anakaa na mtuhumiwa usiku kucha. Ngoja niwaambieni kilichonishika koo. Torgo.

Kwa asiyeiona filamu: Torgo ndiye mtunza nyumba. Familia imepotea njia, inafika kwenye nyumba ya upweke, na mlangoni amesimama mtu mwenye kofia na fimbo, mabega yanatetemeka, magoti yamevimba ndani ya suruali kama ameficha matikiti. Bwana wake amelala akiwa amezungukwa na wake zake waliovaa nguo nyeupe. Torgo alikusudiwa awe kiumbe nusu mtu nusu mbuzi. Magoti yale ni vyuma na sponji vilivyofungwa miguuni. Kila anapotembea muziki wake unapigwa, na anatembea polepole kiasi kwamba vivuli havikosi cha kusema.

MWALIMU: Aliyemwigiza anaitwa John Reynolds. Miaka 25. Alijiua Oktoba 1966, mwezi mmoja kabla ya onesho la kwanza. Hakusikia kicheko cha Capri wala cha televisheni. Mimi nilipokuwa namtazama raundi ya pili, na huku wale watatu wanamchana magoti, nilikuwa najua hilo. Nikashindwa. Sasa niambieni, kicheko hicho kina adabu gani?

Mjomba alichukua muda. Alimimina chai, akampa Mwalimu kwanza.

MJOMBA: Mwalimu, tulipomzika mama yangu, wewe ulifanya nini?

MWALIMU: Unajua nilichofanya.

MJOMBA: Waambie watoto.

MWALIMU: Nililala njiani mbele ya jeneza. Nikasema Mhehe huyu hapiti mpaka nilipwe. Nikavaa kitenge cha marehemu, nikatembea kama alivyokuwa akitembea, mgongo umepinda, nawagombeza wajukuu.

MJOMBA: Ulimwigiza hadi mwendo wake. Mama yangu, aliyepinda mgongo kwa ugonjwa. Na mimi mfiwa nilicheka, machozi yakiwa hayajakauka. Nikatoa na hela. Hakuna aliyekwambia huna adabu. Babu zetu na babu zenu walipigana vita vya kweli, damu ikamwagika, kisha ukaja utani. Leo unaniambia aliyekufa hataniwi?

MWALIMU: Hujamaliza kisa. Nililala njiani, ndiyo. Kisha nikainuka nikashika jembe. Sisi watani ndio tuliochimba, ndio tuliofukia, ndio tuliopika. Mtani ana haki ya kucheka kwa sababu ana zamu kaburini. Hao wenzako wa vivuli walishika jembe gani?

Hapo ndipo mjadala ulipofika mahali pake. Tangu mwanzo tulikuwa tukibishana kama kicheko ni kizuri au kibaya, kana kwamba kicheko ni kitu kinachosimama peke yake. Wazee wetu hawakukipima hivyo. Walimuuliza anayecheka: wewe ni nani kwa huyu, na baada ya kucheka utabeba nini?

BINTI: Jembe lipo, Mwalimu. Mwaka 2011 kijana mmoja anayeitwa Benjamin Solovey alinunua mkusanyo wa filamu za milimita 16, akakuta ndani yake nakala ya kazi ya Manos, ile iliyotumika kuhariria, safi kuliko zote zilizokuwa zikizunguka. Bila kile kipindi, jina lile lingekuwa na maana gani kwake? Angeona kopo la filamu asiyoijua, basi. Aliomba msaada wa watu mtandaoni, akataka dola 10,000, wakamchangia zaidi ya 40,000. Akaisafisha fremu kwa fremu, ikatoka upya mwaka 2015. Waliochanga, wengi walikuwa wameijua kwa kuicheka. Rangi za lile joho jeusi lenye mikono miwili mikubwa myekundu, leo tumeziona vizuri kuliko walivyoziona wapenzi wa 1993. Mimi kwenye kazi yangu najua maana ya kusafisha picha dakika sabini. Huwezi kumfanyia kazi hiyo usiyempenda.

MWALIMU: Hapo naanza kusikia. Na wenyewe? Waliobaki?

BINTI: Yule mtoto, Debbie wa kwenye filamu, ni Jackey Neyman. Baba yake, Tom Neyman, ndiye aliyeigiza Bwana mwenye joho, na vitu vingi unavyoviona mle ndani ni kazi ya mikono yake. Yule mbwa ni wa nyumbani kwao. Usiku ule wa Capri, Jackey aliposikia sauti ya mtu mzima inatoka mdomoni mwake, alilia. Hakuwa ameambiwa. Halafu amekua, ameandika kitabu kizima kuhusu filamu hiyo, anakutana na wapenzi wake, na mwaka 2018 ilipotoka filamu ya kuiendeleza, Manos Returns, naye yumo. Yeye hakuificha tena.

MWALIMU: Mtoto amekuja kupatana na kazi yake. Nakubali. Lakini Reynolds hakupata nafasi hiyo.

MJOMBA: Hakupata. Hilo sina jibu lake, Mwalimu.

Sikutaka jibu litafutwe kwa nguvu, nikamgeukia binamu yangu kumkumbusha kwamba alisema aliogopa.

BINTI: Mwisho wake. Familia inashindwa. Steringi anayepaswa kuokoa watu, haokoi. Baba anabaki kuwa mtunza nyumba mpya mahali pa Torgo. Mama anakuwa miongoni mwa wake za Bwana. Na mtoto pia. Yule Debbie, mtoto mdogo, amevalishwa nguo nyeupe, amelazwa pamoja na wake wengine. Raundi ya kwanza, kimya, hilo lilinipiga kifuani. Nilisahau nondo, nikasahau ufunguo. Raundi ya pili, nimekwisha kucheka saa nzima, nilipofika hapo mwili haukushtuka tena. Baba, ni kama yule tanboi wako. Nilikuwa nimenyang'anywa.

MJOMBA: Sasa umenipata mimi mwenyewe. Ni kweli. Wale watatu wanaanza kusema kabla picha haijasema.

MWALIMU: Kumbe tunakubaliana!

MJOMBA: Usifurahi. Nimesema zamu. Sijasema wanyamaze.

Hapa niweke mfano mmoja wa karibu, ingawa si wa kutisha, ni wa mapigano. Mwaka 2010, Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha ndogo mno, bunduki zimechongwa, helikopta ni za kompyuta. Juu yake kuna sauti ya VJ Emmie, mchekeshaji anayepiga kelele, anayewasifu makomandoo, anayewatania waigizaji kwa mapenzi yote. Nakala isiyo na sauti hiyo haipo tena. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kuitunza. Tunaipenda filamu ile, na kicheko chake kimetoka nyumbani kwake. Lakini hatuna namna ya kuitazama bila Emmie, hata kwa dakika moja, tukajua Nabwana alitaka mahali gani tunyamaze. Kwa Manos namna hiyo ipo, na ipo kwa sababu mtu alishika jembe.

Hukumu yangu ni hii. Wale wa vivuli ni watani, si wenye dhihaka, kwa sababu walikaa na filamu hadi mwisho na kwa sababu kicheko chao ndicho kilichowaleta wachimbaji. Lakini utani una zamu, kama Mjomba alivyofunzwa na tanboi wa Ipogolo. Anayeanza na nakala yenye vivuli ameanza matanga kabla ya mazishi. Na kuhusu John Reynolds naungana na Mwalimu: magoti ni mavazi, yacheke, mtu aliyetetemeka ndani ya mavazi hayo aliipa filamu uhai kuliko wote walioigiza naye, na anayeitazama anapaswa kulisema hilo kwa sauti, angalau mara moja, kabla ya kichekesho kinachofuata.

Chai ilikuwa imepoa. Mjomba alimwomba binti yake airudishe filamu pale Debbie anapozungumza, kisha azime sauti. Akazima. Tukatazama mdomo wa mtoto yule ukifunguka na kufungika jangwani Texas, maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kweli mbele ya kamera ya sekunde 32, na ambayo hakuna chombo kilichoyashika. Hakuna aliyesema kitu sebuleni, hata Mngoni.

Manos inapatikana kwa urahisi, na inahesabiwa kuwa mali ya umma kwa kuwa haikutolewa na tangazo la haki ya mwenye kazi. Haizidi sana dakika sabini. Ukiipata, tafuta kwanza ile isiyo na vivuli, zima taa, na uipe nafasi ya kukutisha. Ikishindwa, vivuli vipo, vitakungoja.